Chupa ya Yaya

Ile krimu sikuwahi kuipaka, lakini naijua kwa harufu. Mpaka leo mtu akipita karibu yangu na harufu ile ya limau lililochacha, hasira inanipanda kabla sijamwona usoni.

Tulikuwa tunakaa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: mama, yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, mimi na wadogo wetu wawili. Simu zetu miaka hiyo zilikuwa bado za vitufe. Yaya alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, mweusi wa kung'aa, na kwaya ya kanisa ilikuwa haianzi wimbo bila yeye. Siku moja lori la matangazo liliingia sokoni Base Camp likipiga muziki. Vijana waliovaa fulana mpya walikuwa wanagawa vipaketi vya krimu bure. Ubavuni mwa lori kulikuwa na picha ya mwimbaji mmoja wa Kampala, ambaye sisi watoto tulizijua nyimbo zake kuliko masomo. Alikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, anatabasamu, chupa mkononi. Maandishi yalisema uzuri wake umetoka humo ndani. Yaya alirudi kwenye foleni mpaka wakamkatalia.

Vya bure viliisha haraka, maana vya bure kazi yake ni kuisha. Akaanza kuuza mafuta yetu ya kula kila siku ya mgao. Sisi tukala maharagwe ya kuchemsha tu ili uso wa mtu mmoja upakwe. Nilinuna sana, na nilisema. Mama alimwacha auze. Wanawake wa sokoni walikuwa wameanza kumwita mama wa mrembo, na alikuwa anapenda.

Baadhi ya siku yaya alikuwa anakwenda Mbarara kufulia nguo familia za wanajeshi kwenye kambi ya jeshi. Mara moja nilifuatana naye. Tulipoingia mjini tukakuta bango kubwa kuliko nyumba yetu, na juu yake mwimbaji yule yule na chupa ile ile. Yaya alisimama chini yake, akanyoosha mkono wake juu akilinganisha rangi, watu wanapita wanamcheka. Mimi niliona aibu kwa niaba yake.

Mke wa askari ambaye yaya alikuwa anamfulia alimwangalia vidole, ambavyo kwenye viungo vilikuwa vimebaki vyeusi tii, akamwambia, "Wewe, wacha hiyo kitu. Huyu wa kwa bango wanamulipa ashike chupa. Nani alikuambia anapaka?"

Yaya alicheka kwa adabu. Tulipotoka akaniambia yule mama ana wivu.

Halafu tukaitwa kwenye usaili wa kwenda Amerika. Kambini habari kama hiyo haikai ndani ya nyumba moja. Majirani wote walikuja na ushauri: vaeni vizuri, jibuni sawasawa, musilie ovyo. Mama akaongeza wa kwake. Aliuza kitenge chake cha kanisani, akanunua chupa kubwa.

"Paka mingi, mutoto yangu," alimwambia yaya. "Kule banapenda mutu wa uso safi. Haukuona ile foto?"

Hakuna mtu yeyote aliyemwambia mama maneno hayo. Mama hakujua kusoma, redio alikuwa anasikiliza mahubiri tu, na bado lile lori lilimfundisha. Hilo ndilo siwasamehe wenye krimu.

Ofisini Base Camp, ofisa alikuwa na picha zetu zilizopigwa siku tuliyofika kutoka Kivu, Kongo. Aliniangalia mimi, sawa. Wadogo, sawa. Alipofika kwa yaya aliinua picha akaiweka karibu na shavu lake. Kwenye picha kulikuwa na msichana mweusi wa uso wa mviringo. Aliyekaa kitini alikuwa na mashavu mekundu yanayochunika na masikio meusi. Na lazima niseme ukweli, walikuwepo watu waliouza nafasi za ndugu zao waliokufa au waliorudi Kongo, na ofisa yeyote alilijua hilo.

"Mama, huyu si ule wa picha."

"Ni yeye. Nilimuzala miye."

"Sasa kwa nini hafanani?"

Mama akamgeukia yaya. Angesema nini? Kwamba tumemchubua ili awapendeze wao? Yaya ndiye aliyejibu, akiangalia chini: "Ni mafuta, afande. Ile ya kwa matangazo."

Ofisa akasema kila mtu huwa na maelezo yake, akaita mwingine.

Tulisubiri miezi mingi. Jibu lilipokuja, yaya alikuwa ametolewa kwenye faili letu. Ni mtu mzima, walisema, jambo lake litachunguzwa peke yake, sisi wanne tunaweza kwenda. Mama akasema hataenda popote. Yaya akamwambia, "Mwende, mama. Batoto basome. Miye nitakuya nyuma."

Krimu alikuwa ameiacha siku ile ile ya usaili. Wakati sisi tunafunga mizigo, mwimbaji wetu alikuwa redioni anatangaza sabuni mpya, akituambia vijana tupende rangi tuliyozaliwa nayo. Nilimtukana mpaka mama akanishika mdomo.

Asubuhi ya basi la safari, ofisa yule yule alisimama mlangoni mwake na picha zetu, akiita jina na kuangalia sura. Yaya alikuwa amekuja kutusindikiza. Weusi wake ulikuwa umerudi wote. Mama alimshika mkono, akamvuta mpaka mbele ya ofisa.

"Muangalie sasa," alisema.

Ofisa alimwangalia. Mimi nikaanza kuomba Mungu kimoyomoyo.

"Ni yeye," alisema. "Lakini hayuko kwa faili." Akamwomba yaya asogee pembeni sisi tupande.