Maji ya Bibi, Sauti ya Zuhura

Nilipokuwa mtoto, kila likizo nilipelekwa Kisarawe kwa bibi mzaa mama, na kila likizo niliimaliza nikiwa nimenuna. Sababu ilikuwa moja: Zuhura, binti wa mama mkubwa. Tulilingana umri, tukalala mkeka mmoja, tukashonewa magauni ya kitambaa kimoja. Ila yeye alikuwa na sauti inayovunjika, mimi sikuwa nayo.

Sauti ya namna hiyo huanza nzito, ya kifuani, halafu katikati ya neno inaruka juu ghafla, inakuwa nyembamba, kisha inarudi chini kana kwamba haikwenda popote. Kwetu, mwali akitolewa nje, ngoma haikolei mpaka atokee mwanamke wa kuivunja sauti hivyo. Bibi ndiye aliyeitwa, vijiji na vijiji. Na wakubwa waliamini kwamba sauti ile haifundishwi, hupokewa kwa maji. Mwimbaji akipumzika katikati ya wimbo hunywa kwenye kata, na yale anayobakiza humpa mjukuu aliyemchagua. Mjukuu ni mmoja tu.

Kila mtu alijua atakuwa Zuhura. Akifagia uwanja asubuhi, sauti iliruka yenyewe, na majirani wakasimama njiani kumsikiliza. "Huyu bibi yake mtupu," walisema. Mimi niliyepita hapo hapo na ndoo kichwani hakuna aliyenitazama. Wivu ulinila.

Siku alipotolewa binti wa jirani, Bibi aliimba mpaka wanawake wakasahau kanga zao chini. Akanyamaza, akaletewa kata, akapiga mafunda mawili. Zuhura alikuwa ameshapiga magoti. Bibi aliponyoosha mkono wenye kata ya maji, mkono wangu ulifika kwanza. Niliyagugumia yote, yakanichuruzika kidevuni mpaka kwenye gauni.

Bibi hakunipiga.

"Mke mwenzangu, una pupa wewe," alisema, maana ndivyo alivyonitania siku zote. Halafu kicheko kikamwisha. "Maji ya kupokonya hayafungui koo, Tatu. Yanalifunga."

"Mwache tu, Bibi," Zuhura akasema. "Alikuwa na kiu."

Hapo ndipo nilipomchukia kabisa. Angenipiga kofi ningemsamehe.

Haikupita wiki koo likafungika kweli. Nilirudi nyumbani kwetu, Janga, sauti haitoki, naongea kwa mikono. Mama alisema ni mafua na vumbi, na huenda alisema kweli. Lakini koo lilipofunguka, sauti ilitoka na mikwaruzo, na mikwaruzo haijaondoka hadi leo. Nina duka Mkuza sasa, na wateja wageni wakinipigia simu huniambia, "Habari, kaka."

Zuhura alipewa maji yake likizo iliyofuata. Siku hizi anaitwa kwenye harusi mpaka Dar, watu wanamrekodi na kunirushia mimi: "Msikie ndugu yako!" Namsikia. Ikikaribia pale sauti inaporuka, nazima simu. Mtu mzima na wajukuu wangu wawili, bado nazima.

Bibi alipozeeka na macho yakamwisha, nilimchukua nikakaa naye. Zuhura alituma vitenge na salamu. Uji, kuogesha na kufua vilikuwa vyangu, na sikulalamika. Jioni moja nilikuwa namkanda miguu, akasema, "Zuhura, mama, niimbie."

Nusura niinuke nimwache na miguu yake. Siku zote zile mikono ni yangu, na jina linalomjia mdomoni ni lile lile! Lakini nikaimba wimbo wake wa mwali. Nilipofika mahali pa kuvunja, sauti haikuruka. Ilikwaruza tu, nikanyamaza kwa aibu.

Mkono wake ukanitafuta, ukanipata shavuni.

"Kumbe Tatu," alisema. "Mbona umenyamaza? Imba, mwanangu. Wewe hujawahi kuniimbia."

Nikaimba na mikwaruzo yangu mpaka akasinzia.

Alifariki masika yaliyofuata. Kwenye arobaini watu walimzunguka Zuhura wakisema Bibi hajafa, yumo kooni mwake. Niliyasikia hayo nikiwa jikoni nageuza pilau. Sijui kama maji yanaweza kubeba sauti ya mtu. Najua tu kwamba siku ile uwanjani sikuwa nikililia sauti. Nilitaka Bibi anyooshe mkono upande wangu.

Zuhura hunipigia na kuniuliza Bibi alisema nini siku zake za mwisho. Namwambia alikuwa akimtaja, na huo si uongo. Ile jioni simwambii, wala sitamwambia. Ni yangu.