Orodha ya Wapiga Kelele

Kiranja wa darasa letu alikuwa na kipande cha penseli kisichozidi kidole gumba, na kwa miaka minne tulikiogopa kuliko fimbo. Mwalimu akitoka tu, yeye husogeza kiti mbele, huchana karatasi kwa rula, huandika juu "Wapiga Kelele," kisha hutulia akituangalia, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo. Hakufoka hata siku moja. Ukimbembeleza, "Ndugu yangu nifute, nilikuwa naazima kifutio tu," aliongeza alama ya vema mbele ya jina lako, maana yake umerudia. Mimi nilikuwa namba moja karibu kila wiki, na nilimchukia kwa moyo wote.

Siku ya mwisho, baada ya mtihani, tulirudi darasani kuchukua vitu vyetu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Kelele zilikuwa za kupasua bati. Yeye akasogeza kiti, akachana karatasi. Tukacheka. "Sasa utampelekea nani?" Aliandika, akiinua macho kwa kila mmoja, mpaka yule msichana wa dirishani, ambaye sauti yake tulikuwa hatuijui, akamsogelea. "Na mimi niandike." Akamwandika. Nikachungulia begani kwake, nikahesabu majina arobaini na moja.

"Tuko arobaini na wawili," nikamwambia.

Aliitazama penseli, akaandika jina lake mwisho kabisa, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Namba moja, kama kawaida, nilikuwa mimi. Safari hii sikumwomba anifute.