Leseni Yangu Iko Ukutani kwa Aliyeniita Mfagiaji

Jina langu lifiche, admin, lakini maneno yangu usiyapunguze. Nina miaka hamsini na tatu, nina mume na watoto, naishi Mabela, nje kidogo ya Maskati. Ni Mwomani niliyezaliwa Unguja, na ufamasia niliusomea huko kabla hatujahamia Maskati.

Miaka ya tisini nilikuwa nauza dawa dukani kwa Nassor, mtoto wa ami yangu, kule Sib. Ikatoka amri kwamba kila mfamasia aliyesoma nje afanye mtihani wa wizara ya afya ndani ya muda uliowekwa, la sivyo asitoe dawa. Nikamuuliza Nassor, maana mambo ya wizarani alikuwa akiyashughulikia yeye. Akacheka.

"Mtihani huo wa Wahindi wanaokuja kutafuta kazi, dada. Sie wana wa nchi hautuhusu."

Nikamwamini. Wengi wetu tuliorudi kutoka Afrika tulipenda kuamini kuwa pasipoti inatosha kwa kila kitu.

Muda ulipokwisha wakaguzi wakaingia asubuhi, wateja wamejaa. Wakauliza mimi ni nani. Nikamtazama Nassor anisemee. Akawajibu kwa Kiarabu, bila hata kupepesa jicho, kwamba mimi ni mfagiaji tu. Jirani yangu alikuwa amesimama pale na mtoto mwenye homa, dawa yake bado iko mkononi mwangu. Nikaiweka, nikashika ufagio, nikafagia kweli.

Baadaye mkewe mwenyewe aliniambia kuwa Nassor alijua fika mtihani unanihusu. Aliogopa nikipata leseni nitafungua duka langu.

Nilisoma upya huku nanyonyesha. Nikafeli, nikarudia, nikapasi, nikapata kazi kwingine. Nassor nikamkatia hata salamu.

Sasa kanuni zimebadilika tena. Msimamizi wa duka la dawa lazima awe mfamasia raia, na Nassor hana. Amekuja kwangu na halwa, kamtanguliza mama yake. "Dada, nnakuomba, ntafungiwa duka mie." Nimekubali. Leseni yangu ameitundika ukutani kwenye fremu ya dhahabu, na yeye anadhani nimesahau.

Jumamosi wakaguzi wanakuja. Watauliza msimamizi ni nani, na jibu nimeshalifanyia mazoezi mbele ya kioo: mie mfagiaji tu. Kisha nitaishusha leseni yangu niondoke nayo, wateja wakimtazama yeye kama walivyonitazama mimi. Nimeingoja siku hiyo kwa hamu kuliko harusi yangu.

Kinachonishika ni mama yake. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, na duka hilo ndilo linalomlisha. Siku ile ya halwa alinivuta jikoni akaniambia, "Najua alokufanya, mwanangu. Sikwambii umsamehe. Nakuomba unitazame mie."

Ndugu zangu, msiniambie nimwachie Mungu, hilo nimeshaambiwa mpaka nimechoka. Nishaurini hili moja tu: Jumamosi mkaguzi akiniuliza mimi ni nani, nimjibuje?