Nyumba ya Watu Wasioonana

Baba mkwe wangu alipoteleza njiani kwenda chooni mara ya pili, wifi yangu alipiga simu kutoka Dar es Salaam akatoa amri. Akianguka tena, alisema, anakuja kumchukua. Mzee alipopelekewa habari hiyo alisusa chai kutwa nzima. Dar aliwahi kwenda mara moja tu, akarudi na vipele vya joto na dharau ya kudumu kwa jiji lote. Alitaka kuzeekea hapa Mbeya, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, na kufia humo, ila si upesi.

Basi ikabidi nyumba ikarabatiwe ili imfae. Kazi ya kupanga iliniangukia mimi, kwa sababu mume wangu ana kipaji cha kukubaliana na kila mtu halafu kwenda zake. Tulikuwa tumehamia kwa mzee kutoka Kihesa, Iringa, baada ya kuteleza kwake mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, magoti yanayonung'unika, penseli, na kalenda ya mwaka uliopita yenye mgongo mweupe wa kuchorea. Tatizo lilikuwa kwamba mtu niliyekuwa nikimpangia nyumba sikuwahi kumwona.

Sitanii. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, hawapishani mlangoni. Yeye akipita, mimi nachutama, nainamisha kichwa na kujifunika kanga mpaka apotee. Kwetu Uheheni heshima nayo ipo, lakini hatujifichi kama tuliokwapua kuku. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa, nilichokijua kwa baba mkwe ni ncha za viatu, fimbo, na kikohozi. Viatu vilikuwa vidogo na kikohozi chembamba, nikahitimisha kwamba ni mzee mfupi. Yeye alichokijua kwangu ni kanga iliyochutama, na sauti yangu, ambayo mume wangu anasema inafaa kuitia ng'ombe walio bonde la pili.

Mume wangu asipokuwepo, mzee alikuwa akizungumza nami kupitia paka. Mbwa hatukuwa naye; nasikia siku walipojua kijana wao anaoa Mhehe, watani, wanaodai sisi Wahehe tunakula mbwa, walishauri mbwa wa nyumbani afichwe, na sijui kama kuna aliyekumbuka kumrudisha.

"Nyau," mzee alikuwa akisema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "waambie wa jikoni chai ya leo haina sukari."

Nami natia sukari. Paka yule hakuwahi kufikisha ujumbe hata mmoja, lakini alilishwa kama balozi.

Nyumba yenyewe ilikuwa friji. Haikuwa na dari, kwa hiyo joto lolote tulilolitengeneza lilipanda kwenye bati na kutokomea kabla hatujalifaidi. Mwezi wa sita na wa saba mzee alikuwa akiingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, jambo linaloua watu kimya kimya kila baridi inapokaza. Na choo kilikuwa uani, chini ya ngazi tano za mawe ambazo ukungu wa asubuhi uliziacha zimelowa. Hapo ndipo alipoteleza, mara zote mbili.

Nilikaa na penseli yangu siku tatu, nikagundua kwamba joto na heshima haviafikiani. Kila kinachotunza joto kinataka watu wabanane kwenye moto mmoja. Heshima inataka kila mmoja awe na mlango wake, njia yake na moto wake. Mwishowe nikachora hivi: jiko la matofali linalotumia kuni chache lijengwe kwenye ukuta kati ya jikoni na chumba cha mzee, upande wa pili wa kitanda chake. Moshi utoke kwa bomba hadi juu ya paa, na ukuta ubaki na joto. Maharage yangu yangempasha mgongo bila sisi kuonana. Nikaongeza dari, mianya ya chini ya bati izibwe, bati moja la kupitisha mwanga kwenye korido ili tusiwashe taa mchana, na pipa jeusi juu ya paa la kupasha maji ya kuoga kwa jua.

Na choo cha kukaa, ndani, mlango wa pili kutoka chumbani kwake. Cha kwake peke yake. Mkamwana hawezi kukalia alipokalia baba mkwe, kwa hiyo baada ya maarifa yote hayo, mimi na magoti yangu tuliendelea kushuka ngazi tano kwenda kuchuchumaa uani. Mchoro huo niliuchora mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia.

Sheria ya korido aliitoa mzee, kupitia kwa Nyau. Akitoka chumbani atatundika kofia yake kwenye msumari ukutani. Kofia ikiwa msumarini, wa jikoni wasitie mguu koridoni.

Fundi alitoka Igawa. Mume wangu hupata mafundi mahali anapokula, na siku hiyo alikuwa amesimama Igawa kula. Fundi huyo alikuwa Msangu mpole, na swali lake la kwanza lilikuwa la maana kuliko yote.

"Mzee ana urefu gani? Choo cha mtu mzima lazima nijue kimo, na hili bomba la kushikia pia."

"Wa kawaida," alisema mume wangu, macho kwenye simu.

"Mfupi," nikasema mimi, kwa uhakika wa mtu aliyeona viatu.

Fundi alitaka kwenda kumpima mwenyewe kwa futi kamba. Mzee akagoma. Alisema mzee hupimwa mara moja tu, na yeye hajafika huko. Tukatumia kipimo changu.

Jikoni ndiko kulikomalizika kwanza. Nikaingia kwa shangwe, nikakuta kaunta inanifika kifuani. Ili nikate kitunguu ilibidi viwiko viwe karibu na masikio.

"Fundi, hii nini?"

"Ndiyo maagizo, mama."

"Ya nani?"

"Ya wenye nyumba," akasema, akainama kuchanganya saruji ambayo ilikuwa imeshachanganyika.

Mwenye nyumba niliyemfahamu ni mume wangu. Nilimgombeza wiki mbili. Alikana, akakana, halafu, kama ilivyo desturi yake, akakubali. Nikaweka tofali sakafuni, nikawa napika nikiwa nimesimama juu yake kama mhubiri wa stendi.

Siku choo kilipoanza kutumika, fundi alikuwa ameshaondoka na mume wangu alikuwa amekwenda Madibira kuchukua mchele. Asubuhi kwenye saa tatu nilisikia kikohozi, fimbo, kisha mlango wa choo. Nikachungulia. Kofia ipo msumarini. Nikarudi kwenye tofali langu kuchambua maharage. Nikamaliza kuchambua, nikayabandika, yakachemka. Kofia ipo. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kofia ipo. Nikajiambia wazee hukawia, na choo kipya kina starehe yake, tumwache mzee wa watu afaidi.

"Nyau," sauti ikasema.

Nyau alikuwa amelala miguuni pangu, karibu na jiko. Hakufungua hata jicho moja.

"Nyau," ikarudia, safari hii bila ile sauti ya mkutano. "Waambie wa jikoni mzee amekaa, lakini hainuki."

Niliogopa. Nilimwona wifi akishuka basi na begi lake, na mzee akipelekwa kwenye joto asilolitaka, kisa choo changu. Ningeweza kumwita jirani, lakini jirani angeita mtaa mzima, na mzee asingetoka tena hata kuota jua. Nikajifunika kanga mpaka puani, nikapita chini ya kofia iliyo msumarini kwa mara ya kwanza. Mlango nilikuwa nimeagiza usiwe na komeo la ndani, angalau hilo nililipatia. Nikaingia kinyumenyume, nikachutama, nikampa mgongo.

"Nyau anasema shika mabega," nikauambia ukuta.

Mikono miwili ikanishika. Nikaanza kusimama, naye akaanza kusimama. Mimi nikamaliza. Yeye akaendelea. Pumzi yake ikapita sikioni, ikapita utosini, ikaenda zake juu. Nilikuwa nimemwekea mlingoti wa bendera choo cha watoto wa chekechea, na lile bomba la kushikia lilimfika gotini. Koti lake la baridi lilishuka mpaka chini ya magoti, kwa hiyo heshima iliyobaki ilikuwa ya kutosha. Nikampa fimbo kwa juu ya bega langu. Akatoka taratibu, akachukua kofia, akafunga mlango wake.

Nilirudi jikoni nikicheka na kanga mdomoni ili asisikie.

"Nyau," ukuta ukasema.

Nyau alikuwa palepale miguuni pangu, akikoroma.

"Kumbe mama wa watu ni mfupi hivi! Na mimi nilimwambia fundi ainue kaunta, asije kupinda mgongo uzeeni kwa kuinama. Sauti ile nilijua ni ya mtu mrefu."

Nikaitazama ile kaunta niliyoilaani asubuhi na jioni. Sikujua kama katika nyumba ile kuna mtu anayeuwazia uzee wangu; mimi mwenyewe nilikuwa sijauwazia. Nililia, na safari hii sikuziba mdomo.

Mchana wifi akapiga simu. "Baba hajaanguka?"

"Hajaanguka," nikasema, na ulikuwa ukweli mtupu. Upande wa pili wa ukuta, mtu akakohoa.

Wiki iliyofuata fundi alirudi na futi kamba yake na aibu yake. Mzee alikuwa chumbani mlango umefungwa, sisi tukiwa jikoni.

"Haya, tuanze upya," fundi akasema. "Mzee ana urefu gani?"

Mume wangu akafungua mdomo kusema wa kawaida.

"Mimi nafika kwapani mwake," nikasema.

Tukasikia fimbo ikigonga ukuta kutoka upande wake, pigo moja, taratibu.

"Na mkamwana wangu anafika hapa," alisema mzee. Nyau alikuwa nje, juu ya pipa, anaota jua.

Fundi akatega sikio, akapapasa plasta kwa kiganja, akatia alama ya chaki pale fimbo ilipogonga. Nikashuka kwenye tofali, nikaupa ukuta mgongo. Ulikuwa na joto. Alama ilinigusa utosini.