Jina Nililoliacha Nairobi

Wanamuziki tuna sifa ya uongo, na sehemu ya sifa hiyo nimeichuma mwenyewe. Lakini hili ninalokusimulia sikulitunga. Laiti ningelitunga, ningelipa mwisho mwingine.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa nikipiga gitaa kwenye baa ya Mzee Okumu pale Busia, na rafiki yangu Wandera akikwaruza chupa ya soda kwa kipande cha chuma. Watu walicheza mpaka viatu vikafunguka soli. Ila nyimbo zote zilikuwa za wenyewe, tulizozinasa redioni. Siku moja ikaja barua kutoka Nairobi: tuje turekodi santuri, lakini tuje na wimbo wetu. Nilitaka santuri ile kuliko nilivyotaka kuoa. Wimbo wenyewe sikuwa nao.

Siku ya safari Wandera alitangulia stesheni ya Malaba kwa lori. Mimi nilifuata kwa baisikeli, gitaa limefungwa turubai mgongoni. Alasiri, nikiwa nimebakisha kama maili mbili, mvua ikanikamata. Nikaona nyumba ya nyasi kando ya njia, nikakimbilia barazani. Mama mmoja alikuwa amekaa hapo, ungo mapajani, akimenya karanga.

"Karibu, kaa," akasema. "Hii mvua haiishi saa hii. Hebu piga hiyo kitu yako nisikie."

Nikampigia ule wimbo uliokuwa ukinipatia sifa kule baa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni ya watu. Yako iko wapi?"

Niliona aibu, niamini. Mlevi gani amewahi kukuuliza swali kama hilo? Nikamwambia ukweli, kwamba naenda Nairobi mikono mitupu. Hakunipa pole. Alianza tu kuimba polepole, bila maneno, vidole vyake vikiendelea na karanga. Sijui nikuelezeeje sauti ile. Ilikuwa kama kuitwa na mtu wa kwenu ukiwa ugenini. Kidole gumba changu kikaanza kufuata chenyewe, na cha shahada kikadakia. Nikikosea alirudia, nikipata alikubali kwa kichwa. Mvua ilipokatika, wimbo ulikuwa wangu mzima. Kitu kimoja tu nilikiona nikakipuuza: alikuwa amemenya muda wote ule, na ungoni hamkuwa na karanga zaidi ya kiganja kimoja.

Nikamuuliza nimpe nini.

"Sitaki kitu. Kwa wimbo kuna ile mahali watu wanatajwa, si ndio? Hapo unitaje."

Nyimbo zetu wakati ule zilikuwa na mahali hapo. Gitaa linashuka, mwimbaji anataja watu wake, kisha chupa inaamka tena. Nikamwahidi. Akaniambia jina lake na la baba yake, akanitaka nirudie mara tatu, kama mwalimu.

"Mimi sikuzaa," akasema. "Hakuna mtoto ameitwa mimi."

Sasa wewe fikiri. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, ili jina lisilale. Mtu mzima aliye hai analalamikia nini kwamba hajaitwa? Ningekuwa na akili ningejiuliza. Nilikuwa na wimbo kichwani na treni ya kuwahi.

Nairobi walituweka kwenye chumba kidogo, magunia yametandazwa ukutani. Tulipojaribu mara ya kwanza, fundi wa mitambo akatusimamisha. Wimbo unapita kipimo cha santuri. Majina ni mawili, libaki moja.

La kwanza lilikuwa la Mzee Okumu, mwenye baa. La pili la mama wa barazani. Nilisimama pale nikapiga hesabu ya kibarua changu. Mzee Okumu ana baa na gramafoni, akijisikia atanitangaza mpaka Tororo. Yule mama wa karanga atajulia wapi? Nikaimba jina la Mzee Okumu. Wandera akakwaruza chupa yake.

Santuri ilivuma. Tuliitwa Mumias, tukaitwa Kitale, tukavuka mpaka Mbale. Miezi ikapita ndipo roho ikaanza kunisuta. Nikanunua kanga na sukari, nikapanda baisikeli kwenda kumwona. Nilipofika pale nilitaka kupiga hodi kwa jina lake. Nikafungua mdomo. Hamna. Jina nililofundishwa mara tatu halikuwepo, na nyumba nayo haikuwepo. Palikuwa na kichaka na mawe matatu ya jiko.

Dada mmoja alikuwa akipalilia mtama shamba la pili. Nikamuuliza.

"Hapo? Hapo hakuna mtu tangu niko mtoto," akasema. "Kulikuwa na mama wa kuimba. Watu walikuwa wanatoka mbali kumsikia. Alikufa bila mtoto, akazikwa hapo hapo."

"Aliitwa nani?"

Akaegemea jembe. Akafikiri sana, nikaona uso wake unabadilika.

"Ajabu," akasema. "Mwaka jana nilikuwa nalijua."

Tangu siku hiyo sijapata wimbo mwingine. Nimejaribu, wallahi nimejaribu. Ule mmoja nikiupiga, nikifika mahali pale simtaji Mzee Okumu wala mtu yeyote. Nashika nyuzi, nanyamaza. Watu walidhani ni mtindo. Vijana wakauiga, wakausifu. Mimi huwa nasikiliza tu kama yule mama atalitaja jina lake mwenyewe.

Binti yangu wa kwanza alipozaliwa, mke wangu aliniuliza tumwite nani. Nilimpakata mtoto yule tangu asubuhi hadi jioni, nikilitafuta lile jina. Mwisho akaitwa kama nyanya yake.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi, ya muziki au nyingine, nisikie. Aliyekushika mkono ukiwa hujui kitu, akikuomba umtaje, mtaje, hata kama wimbo utakatika. Na kama kwenu ni upande wa Malaba, na kuna mkongwe anayemkumbuka mama mmoja mwimbaji, asiye na mtoto, aliyekaa kando ya njia ya kwenda Busia, muulize aliitwa nani. Uje uniambie. Vidole vyangu bado vina nguvu.