Mkojo Mmoja, Vichupa Vinane

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, katikati ya kipindi cha jiografia. Saa naikumbuka kwa sababu mwalimu wa jiografia ndiye aliyekuwa na saa ya mkononi, na gari la watafiti lilipoingia uwanjani aliitazama kwa hasira. Akasema, "Haya, mito ya Amerika Kusini itasubiri." Inasubiri mpaka leo, hatukuirudia.

Tulikuwa tumeambiwa watakuja kupima kichocho. Kwetu Bariadi kichocho si habari. Unakanyaga majaruba ya mpunga, unaoga lamboni, unachota maji lamboni, basi. Wavulana wakikojoa damu wanataniana kwamba sasa wamekuwa wanaume. Wasichana hatusemi kitu.

Aliyezungumza nasi alikuwa mtaalamu wa maabara kutoka Mwanza, mtu wa makamo mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, jambo la ajabu kwa barabara aliyopita. Mzungu aliyekuja naye alibaki garini akiandika. Mtaalamu alitueleza kwamba kazi ile hailipwi na serikali. Inalipwa na watu wa ng'ambo wanaochanga, wengine vibibi waliostaafu ambao hawajawahi kuona lambo, ila wanataka ijulikane ugonjwa umefika wapi ili dawa ifike huko huko. Mkojo utapitishwa kwenye kikaratasi cha kuchujia, utatazamwa kwa hadubini, na atakayekutwa na mayai ya kichocho atapewa vidonge siku hiyo hiyo, bure.

Hilo neno bure ndilo lililoharibu.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeanza kulipiwa. Hospitali walitaka mchango, daftari la kuandikiwa ugonjwa ununue mwenyewe, bomba la sindano ununue mwenyewe. Pamba nayo ilikuwa imetoka mikononi mwa ushirika, ikawa inanunuliwa na watu binafsi wanaokuja na mizani yao, na baba yangu hakuweza kuitaja mizani hiyo bila kutema mate. Sasa watu watoke Ulaya, watie mafuta kwenye gari, waje Bariadi kuchukua mkojo, halafu watoe dawa bure? Jirani yangu wa dawati aliona hapo pana jambo.

"Wanakwenda kuuza," aliniambia.

"Nani anunue mkojo?"

"Kama hanunui mtu, mbona wameufuata na gari?"



Kulikuwa na jambo jingine zaidi ya hilo. Bibi yake wa Nkololo alikuwa amemwonya tangu utotoni kwamba kitu kilichotoka mwilini mwako, iwe nywele, iwe kucha, iwe mkojo, hukiachi mikononi mwa mtu usiyemjua, maana anaweza kukitumia kukuroga. Wasichana wote wa safu yetu ya kidato cha pili, ile ya dirishani, walikuwa wameonywa hivyo hivyo na bibi zao. Kwetu sisi ni walokole. Mama anasema damu ya Yesu imefunika kucha, nywele na vinginevyo. Kwa hiyo safu ilipotafuta mtu asiyerogeka, macho yote yalikuja kwangu.

Tulipewa vichupa vya plastiki vyenye namba. Safu yetu ilipata 34 mpaka 41. Mimi nilikuwa 41, jirani yangu 40. Mtaalamu alisema tukimbie kwanza mzunguko mmoja uwanjani, ndipo mayai yatoke vizuri. Tukakimbia. Wavulana wakapiga miluzi. Kisha tukaenda chooni, mimi nikaingia, na pazia la gunia halijatulia nikaona mkono unapenya na kichupa.

"Nitilie na mimi."

"Na mimi, dada, tone tu."

"Hebu acha uchoyo, mlokole! Si umejaa huko?"

Ni kweli nilikuwa nimejaa. Asubuhi nilikula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na karanga, chakula kinachokausha koo, nikashushia vikombe vitatu vya maji. Na mimi ni mtu wa aibu. Kusema hapana kunanichukua siku mbili tatu, na mwalimu wa afya alikuwa nje anaita tufanye haraka. Nikajaza vichupa vinane. Cha kwangu kilikuja mwisho kikapata kidogo kuliko vyote. Mtaalamu alikiinua juani akaniuliza kama huwa nakunywa maji.

Saa tisa alasiri tulipangwa mstari uwanjani, akaanza kusoma namba za waliokutwa na mayai. Zilikuwa nyingi. Alisoma 29, 30, 32, 33, kisha akasoma 42. Mwalimu wa afya alipiga makofi peke yake. Akasema wasichana wa safu ya dirishani ni mfano wa kuigwa kwa usafi.

Mtaalamu hakupiga makofi. Alituita mbele wote wanane akatutazama kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Nyinyi hamwendi majarubani?"

"Tunaenda," tukasema.

"Lamboni?"

"Tunaenda."

"Ninyi nyote wazima, na waliokaa nyuma yenu karibu wote wanaumwa." Akafungua daftari lake. "Hapa kuna kitu. Nitawaandikia wafadhili, pengine watatoa fungu jingine tuje tuchunguze."

Mkuu wa shule alisema labda ni hewa ya dirishani. Alisema tu ili asikae kimya mbele ya wageni. Lakini nilimwona mtaalamu kwa macho yangu akiandika neno dirisha na kulipigia mstari.

Nilimfikiria mmoja wa wale vibibi waliostaafu. Alikuwa ametoa hela yake ili mkojo wangu usomwe mara nane, na sasa ataombwa atoe nyingine kwa ajili ya dirisha. Hata hivyo ningenyamaza. Nimeshanyamazia makubwa kuliko hayo.

Ni jirani yangu aliyenifanya nishindwe. Tulikuwa tunarudi nyumbani, naye alikuwa na furaha, anarusha rusha daftari. Akasema, "Unajua nilikuwa na wasiwasi. Tangu msimu wa kupalilia pamba, nikimaliza kukojoa inatoka damu. Na tumbo huku chini linauma mpaka nainama. Kumbe si kichocho."

Nikasimama. "Kwa nini si kichocho?"

"Hukusikia? Namba yangu haikusomwa."

"Ule ulikuwa mkojo wangu."

"Najua. Lakini namba ni yangu."

Nilimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameogopa kwa miezi, sasa mtu mwenye koti jeupe alikuwa ameiruka namba yake mbele ya shule nzima, naye alikuwa ameamua kulishika hilo. Nikamwambia kesho asubuhi watafiti wanaondoka kwenda Maswa na vidonge vyao. Akaniambia nikithubutu kusema tusijuane tena.

Nilifika nyumbani nikasonga ugali ukawa na madonge, mama akauliza kama naumwa, nikasema hapana. Giza halijaingia nilichana karatasi ya katikati ya daftari nikaandika kwa herufi kubwa: Namba 34 mpaka 41 ni mimi. Samahani. Niliona nikiiandika sitahitaji kusema.

Jumatano asubuhi nilipita nyumba ya wageni walikolala. Mtaalamu alikuwa barazani anakunywa chai na kiazi, koti jeupe limetundikwa kwenye msumari. Nikapiga goti nikasema, "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Ni namba ngapi wewe?"

Nikampa karatasi. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo, hakuna, akairudia.

"Zote nane?"

"Ndiyo."

"Hata 40, kile kilichojaa mpaka mdomoni?"

"Hasa 40."

Akaweka kikombe chini. "Unajua jana niliandika dirisha?"

"Nilikuona."

Nilitegemea anifokee. Alifungua daftari, akakata lile dirisha kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika maneno yangu kama yalivyokuwa kwenye karatasi, na samahani yake. Akasema kosa nalo huandikwa, asije mwingine akalirudia. Kisha akauliza kwa nini tulifanya vile. Nikamweleza wenzangu walivyoonywa na bibi zao. Nilieleza nikiangalia kiazi chake, ndiyo maana niliweza.

Halafu nikamuuliza mimi. Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Mkisha kupima, mkojo unaobaki unakwenda wapi?"

"Tunaumwaga shimoni, choo cha shule."

"Nani anaumwaga?"

"Mimi."

"Mwenyewe anaweza kuumwaga?"

Akasema amezunguka na hadubini ile tangu hajaoa na hajawahi kuulizwa hivyo. "Anaweza," akasema. "Asimame pale pale aone ninavyofanya, kisha amwage kwa mkono wake." Akaenda kugonga mlango wa mzungu. Waliongea Kiingereza cha haraka. Alirudi akasema Maswa watakwenda jioni, na wale saba waje shuleni saa sita, wakati mayai yanatoka kwa wingi.

Nilikwenda kwanza kwa jirani yangu. Hakuwa amekwenda shule, nilimkuta uani anaanika mtama kwenye turubai. Nikamwamkia mama yake, yeye hakuniitikia. Alisubiri mama aingie ndani.

"Umenichongea."

"Nimewachongea wote. Na mimi pia."

"Sitaki kukuona."

"Saa sita anakungoja. Utasimama hapo hapo umwangalie. Akimaliza utamwaga mwenyewe."

Aliendelea kusambaza mtama kwa kiganja. "Mwenyewe?"

"Kwa mkono wako, chooni. Hakibaki kitu."

"Na kikaratasi? Si umesikia wanachuja kwa kikaratasi? Hicho kinabaki na nani?"

Hilo sikuwa nimeliuliza. Nikamwambia kweli, sijui.

Akajishika chini ya tumbo kama alivyokuwa akifanya darasani, nikajifanya naangalia kuku. Kisha akaingia ndani, nikasikia kata ikigonga mtungi mara tatu. Alipotoka alikuwa amevaa sketi ya shule.

Tulipofika barabarani akaniambia nitangulie mimi, nikaulize habari ya kikaratasi kabla yeye hajafika. Nikatangulia.