Mfuko wa Mahindi

Mwaka 2014 mke wangu alikuwa mjamzito, na tumbo lake lilikataa kila chakula isipokuwa cha mama yake. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya pili tuliilea kama yai lililowekwa juu ya meza inayoyumba. Kila mchana mama mkwe alituma, kutoka upande wa pili wa mji wa Kasulu, ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Maharage aliyamimina kwenye mfuko laini wa dukani yakiwa ya moto, akafunga fundo.

Mifuko hiyo aliletewa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa na duka Kibondo na aliyekuwa ametoka Dar es Salaam kuchukua mzigo. Ilikuwa ya kijani, imechorwa jani.

“Hii si plastiki, shemeji,” alinieleza. “Imetengenezwa kwa mahindi. Hata ng’ombe anaweza kuila.”

“Wewe umeila?”

“Kwani mimi ng’ombe?”

Nilisoma maandishi yote ya mfuko, maana kusoma ndiyo kazi pekee ninayoiweza. Yalisema mfuko huoza wenyewe ardhini. Kuhusu maharage ya moto hayakusema neno. Nami niliona kwa macho yangu jinsi ulivyolegea kwa joto, ukayashika maharage kama utando wa maziwa.

Chuo kikuu nilisoma fasihi, kwa hiyo najua kuogopa kwa ufasaha, basi. Nilikwenda kwa jirani yetu, mwalimu wa kemia. Aliuvuta mfuko huku na huku.

“Wanga hauna shida,” alisema. “Lakini wanga mtupu ungekatika kama biskuti. Wamechanganya na nini hata ukalainika hivi?”

“Ndicho ninachokuuliza.”

“Na mimi ndicho ninachokuuliza. Ila joto na mafuta huvuta vitu kutoka kwenye mfuko. Hilo najua.”

Joto na mafuta! Ndicho chakula chetu chenyewe. Usiku huo sikulala. Nilihesabu pumzi za mke wangu kana kwamba kuhesabu ni dawa.

Kwa nini sikumwambia mama mkwe? Kwa sababu kwetu Uha mkwe haulizi habari za chungu cha mama mkwe wake. Hata kula mbele yake ni shida, sembuse kumkosoa. Nilimwomba mke wangu aseme yeye.

“Nimwambie nini mama? Kwamba msomi wake ameingiwa na shaka? Ataacha kuleta. Halafu nitakula nini, vitabu vyako?”

Basi nikatafuta njia ya adabu. Nilinunua sokoni hotipoti kubwa yenye tumbo la chuma, nikamtumia kama zawadi. Zawadi haina maneno. Nilijipongeza, nikamsubiri mletaji wa chakula mlangoni.

Siku iliyofuata hotipoti ilikuja, inang’aa, na salamu nyingi: mama amefurahi mno. Mke wangu alifunua kifuniko. Ndani, kuanzia chini hadi ukingoni, mama mkwe alikuwa ametandika mfuko wa kijani, na maharage yamelala humo, yanatoa mvuke. Mawese hutia doa, na chombo cha mkwe hakirudi na doa.

Mke wangu alicheka hadi akashika tumbo. Mimi nilinyoosha mkono nikaizuia hotipoti.

“Acha, baba. Njaa yangu ni ya leo. Hiyo sumu yako ni ya lini?”

Nilichukua kijiko, nikamtolea maharage ya katikati, yaliyokuwa mbali na mfuko, polepole, kama mtu anayetegua bomu. Alikula yote, akaomba mengine. Nilichota tena katikati hadi katikati ikaisha.

Yaliyobaki, yale yaliyoshikana na mfuko, niliyala mimi.